Daktari Lindqvist Hapokei Tena Bima

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi la Fairhaven alikuwa bado na aproni ya kiwanda cha mikate. Alimgeukia bwana wa kando yake, ambaye hakuwa amemuuliza kitu, akamwambia kliniki ya tiba asilia ya Daktari Lindqvist imeacha kupokea bima.

“Chai ya mizizi kwa bei ya matajiri wenye mashua za anasa. Mimi bima nakatwa mshaharani kila mwezi. Sasa hiyo bima niitie chumvi niile?”

Bwana alikuwa na chupa ya dawa ya kliniki hiyohiyo, ikichungulia mfukoni. “Dada, yule mama daktari anakusikiliza saa nzima. Bima inamlipa robo saa, tena baada ya kumzungusha. Angeendelea kuipokea, angefunga kliniki.”

“Saa nzima, ndiyo. Aliniuliza ninaota nini, bibi yangu alikuwa analalaje. Nitalipaje, hakuuliza.”

“Kwa hiyo atibu bure?”

“Na mimi, mikono imeanza kuvimba tena, nikande unga kwa meno?”

Bwana akaigeukia mvua dirishani. Huku kwetu mvua haikosekani, na imewasitiri wanaume wengi walioishiwa maneno.

Kituo kilipokaribia, mama alinyoosha mkono avute kamba ya kengele ya kumwambia dereva asimame. Vidole vilikataa kukunjika. Bwana akainuka amsaidie.

“Usiiguse,” mama alisema, akaivuta kwa kiwiko.

Mlangoni alimshukuru dereva kwa upole, kama tufanyavyo sote hapa. Kisha akamgeukia bwana.

“Ukifika kwa Lindqvist, mwambie mikono yangu inamsalimu.”