Sajenti Enesi Kibona, Aliyempokea Kasiani Akiwa Anatembea

Wapendwa mliofika hapa Iyula kutoka Ileje, Tunduma, Msangano na kwingineko, mimi ni Zabron Kibona, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nasema mapema kwamba yapo mambo niliyoshauriwa na watu niyaruke, wengine kwa upole na mmoja kwa simu ambayo namba yake haikuonekana, nami sikuyaruka, kwa sababu Enesi mwenyewe asingekubali maisha yake yasomwe yakiwa yamepunguzwa.

Enesi Andongwisye Kibona alizaliwa tarehe 14 Juni 1984 huko Isoko, wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Andongwisye Kibona na mama yetu Yunisi, ambaye amekaa hapa mbele na ameniomba nisome taratibu. Alisoma shule ya msingi nyumbani kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2003, na walimu wake walimfahamu kama mtoto wa kuuliza swali lilelile mpaka ajibiwe, tabia ambayo nyumbani ilituchosha na kazini ilikuja kumgharimu.

Mwaka 2006 alijiunga na mafunzo ya polisi mjini Moshi, akapangiwa kazi Tabora mwaka uliofuata, na mwaka 2016 alihamishiwa Tunduma akiwa na cheo cha koplo, akapanda kuwa sajenti mwaka 2020. Tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Luka Mwashiuya, mkulima wa kahawa wa hapa Iyula, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tumaini aliyezaliwa mwaka 2012 na Jenista aliyezaliwa mwaka 2015.

Wanaoijua Tunduma wanajua kazi ya askari pale ikoje, malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, watu wanavuka mpaka kwa njia wanazozijua wenyewe, askari ni wachache na kila mmoja anaangaliwa kwa jicho la nani amemlainisha. Luka alipoweka vigae kwenye nyumba hii kwa mauzo ya kahawa yake, palisemwa hapahapa kijijini kwamba ni vigae vya mpakani, na waliosema wengine wapo leo, tunawashukuru kwa kuja. Ndugu nao walitaka awasaidie, na binamu yetu Rabson anakumbuka siku aliposimamishwa na trafiki akiwa kwenye pikipiki yake akampigia Enesi simu, naye akamjibu, "Rabson, mpe leseni yako, usimpe jina langu."

Tarehe 17 Agosti 2022, mchana, Enesi akiwa zamu ya kaunta, aliletwa kijana mmoja msukuma mkokoteni, Kasiani Silwimba wa Msangano, akituhumiwa kuiba simu dukani, na Enesi alimpokea akiwa anatembea, anazungumza, na analalamika kwamba kiatu chake kimoja kimebaki sokoni. Jioni alikabidhi zamu akaenda nyumbani. Asubuhi aliporudi alimkuta Kasiani sakafuni, hawezi kusimama, na aliyekuwa mkubwa wake wa zamu akamwambia, "Sajenti, mwache kwanza tupange maelezo."

Enesi akajibu, "Afande, maelezo yatamkuta hospitali."

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama ilivyokuwa kawaida, hivyo alisimamisha bajaji, akampakia kijana yule na kumshika kichwa njia nzima, na Kasiani hakusema lolote zaidi ya kuomba aitiwe mama yake. Alifariki siku hiyohiyo kabla mama yake hajafika. Ndipo Enesi alipoitwa ofisini na kuelezwa kwamba kijana aliruka kutoka kwenye gari wakati wa kukamatwa, na kwamba yeye aliyempokea ndiye wa kuthibitisha, naye akasema, "Nilimpokea anatembea," wakamwuliza tena, akarudia hayohayo.

Kuanzia hapo dada yetu hakuwa na upande. Kazini, akiingia mahali pa chai mazungumzo yalikatika, akahamishiwa kituo kingine kutunza vielelezo, na mara mbili kielelezo kikapotea mikononi mwake na kuonekana palepale alipokwisha tafuta, baada ya yeye kutishia kutoa taarifa juu zaidi. Huku nje watu hawakujua habari za ofisini, walichojua ni kwamba yule kijana alifia mikononi mwa polisi na huyu ni polisi, na kanisani hapa Iyula kina mama walikuwa wakisogea mbali naye kwenye benchi akikaa. Alikwenda Msangano kumpa pole mama yake Kasiani, Mama Marita, akafukuzwa mlangoni, "Mmemla mwanangu, sasa mmekuja kunusa nini?" Akarudi bila kujitetea, na Luka alipomwuliza kwa nini hakumweleza ukweli, alisema, "Baba Tumaini, na mimi ningekuwa yeye nisingeniamini."

Mwezi Novemba 2023 askari wawili walifikishwa mahakamani kwa kifo cha Kasiani, na tarehe 11 Februari mwaka huu wa 2025 Enesi alitoa ushahidi wake, nami nilikuwepo. Wakili wa utetezi alimwuliza, "Wewe ni askari wa miaka mingi, leo unawageuka wenzako, nani amekutuma?"

Alijibu kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia, "Sijatumwa. Nilimwacha kijana anatembea, nikamkuta hawezi kusimama. Hapo katikati mimi sikuwepo. Waliokuwepo ni hao."

Tarehe 2 Machi, alasiri, akitoka Mlowo kwa bodaboda, aligongwa kwa nyuma na gari ambalo halikusimama. Dereva wa bodaboda, ambaye jina lake silitaji na nadhani mnaelewa kwa nini, alituambia siku hiyo kwamba gari lile liliwafuata taratibu, likapunguza mwendo, kisha likaongeza, na wiki haikuisha akatuambia hakumbuki chochote. Familia haidai kujua ni nani. Familia inasema tu kwamba haijaridhika, na kwamba mpaka leo hakuna aliyekuja kutuuliza tuliambiwa nini.

Alilazwa Mbeya akiwa na majeraha ya kichwa na nyonga, lakini akili zake zilikuwa timamu. Siku ya tatu walifika wanaume wawili wakisema ni ndugu kutoka Ileje, Luka akawauliza jina la baba yake Enesi, wakatazamana, wakasema wanakwenda kupaki gari, hawakurudi. Tangu hapo Enesi alikataa chakula chochote kisichopikwa na mumewe, hata cha dada zetu, jambo lililowaumiza, nawaomba wamsamehe.

Kisha siku moja akaingia Mama Marita na chupa ya uji. Alikuwepo mahakamani siku ile, amekaa nyuma, na hatukumwona. Alisimama miguuni pa kitanda akasema, "Mama Tumaini, nimekuja mimi niliyekufukuza, ukiukataa uji wangu sitakulaumu." Luka alinyoosha mkono aupokee auonje kwanza, Enesi akamzuia, akaomba ainuliwe mto, akaunywa wote. Mama huyu alirudi kila siku, hadi tarehe 13 Machi 2025 asubuhi, hali ilipobadilika ghafla na dada yetu akaiaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, wachungaji, majirani wa Iyula waliopika na kulala nje na wafiwa, ndugu wa Ileje, na Mama Marita, ambaye tumemwomba akae na familia.

Kwa askari mliofika. Tuliambiwa kwamba jeneza litabebwa nanyi kwa heshima ya kazi yake, nasi tumekataa, litabebwa na Luka, Rabson, nami, pamoja na vijana wa Iyula. Wapo kati yenu waliompenda dada yetu kweli, nao wanaumia kunisikia, ila sare zenu zinafanana na sisi hatuna jicho la kuwatenganisha. Hukumu bado haijasomwa. Siku itakaposomwa, tutakuwepo, na atakayetaka kukaa benchi moja nasi tutamsogelea.

Enesi, mdogo wangu, ulichokiona umekwisha kukisema na hakuna wa kukirudisha. Hakuna zamu nyingine inayokusubiri. Lala, dada, upumzike kwa amani.