Kanda ya Mafundi Bomba

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mwenzetu, familia imemteua mdogo wake wa pekee, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye wengi wenu aliwafundisha hesabu na wachache aliwachapa, awasomee safari ya maisha ya marehemu, naye amejiandika humu kana kwamba anamwandika mtu mwingine, kwa sababu yapo mambo ambayo akisema "mimi" hatafika mwisho wa karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, na mdogo wake akamfuata miaka minne baadaye. Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza Novemba 1969, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, ambako alionekana kuwa mwepesi wa kuelewa, ila masikio yake yalikuwa zaidi kwenye redio ya mlinzi wa lango kuliko kwa mwalimu. Redio hiyo ndiyo iliyomtia ugonjwa wa roki, magitaa yanayonguruma na ngoma nzito, mapenzi ambayo nyumbani hakuna aliyeyaelewa, na baba yao aliyaita makelele ya mabati mpaka anaingia kaburini.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa kuwa mwendesha mitambo katika jumba la sinema la mjini, akakaa miaka kumi na saba katika kile chumba kidogo chenye joto, katikati ya projekta mbili, akikodolea macho kona ya juu ya picha mpaka kitokee kidoa kinachoashiria kwamba mkanda unakaribia kwisha, ili awashe mashine ya pili bila mtazamaji kugundua, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba ukumbi haukuwahi kupiga miluzi kwa kosa lake. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na mkata tiketi wa kidirisha cha pili, baada ya kumchumbia mwaka mzima kupitia kidirisha hichohicho huku foleni ikilalamika, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni fundi cherehani na kijana ambaye ni dereva wa lori, pamoja na wajukuu watano.

Maisha yake hayaelezeki bila ile filamu ya mafundi bomba, iliyofika Septemba 1984 kwa wiki moja ikakaa saba, habari ya mafundi wanne wenye vitambi wanaoitwa kuziba bomba kwenye ukumbi wa muziki, wenye ukumbi wakadhani ndio bendi, wakawasukumia jukwaani wakiwa na spana mikononi, nao kwa kukosa pa kukimbilia wakapiga nyimbo za ujana wao. Nyimbo zenyewe zilikuwa za zamani hata siku ile, roki ileile ya redio ya mlinzi, na marehemu, aliyeiona filamu hiyo mara tisini na nane, alivunjika mbavu kila mara kama mtu asiyejua bomba litapasukia wapi. Jumapili tarehe 28 Oktoba 1984, onyesho la mwisho, saa tisa alasiri, aliweka redio kaseti yake kwenye kitundu kinachotazama ukumbini akazirekodi nyimbo zote, na fundi mwenzake alipomshauri achomeke waya moja kwa moja kwenye amplifaya apate sauti safi, alikataa, akasema anaitaka hivyohivyo.

Jumba la sinema lilifungwa tarehe 30 Septemba 1994, marehemu akaanza kusuka mota za feni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na mwaka 1996 mdogo wake akajenga ubavuni mwake, nyumba mbili zikachangia ukuta mmoja. Kila Jumamosi saa kumi alasiri marehemu alinawa grisi, akaita dirishani, "Mwalimu, njoo usikilize," kisha akaiweka ile kanda, na kila Jumamosi mwalimu alijibu kwamba ana madaftari ya kusahihisha, au ana kikao, na sauti ilipopanda akagonga ukuta kwa mpini wa ufagio, na marehemu, kwa utani wake usiokwisha, akamgongea vilevile kwa kufuata ngoma. Hawakuwa wamekosana, waliazimana ngazi na kupelekeana chakula, ila cheo kilikuwa kimempanda mwalimu kichwani, akaona haya kuwa ndugu wa mzee anayepiga gitaa lisilokuwepo uani mbele ya wajukuu. Kwa miaka ishirini na miwili masikio yao yalitenganishwa na unene wa tofali moja, na mwalimu hakwenda hata siku moja.

Novemba 2018 marehemu alianza kubanwa na kifua, Februari 2019 madaktari wakagundua ugonjwa wa mapafu, na tarehe 23 Aprili akalazwa. Tarehe 1 Mei aliomba aletewe kanda yake, na mwalimu, ambaye dhamira ilikuwa imeshaanza kumsuta, alitaka safari hii afanye jambo la maana, akaipeleka kwa fundi wa studio aihamishie kwenye simu, akamwagiza kwa kinywa chake mwenyewe aondoe makelele yote, mlio wa projekta, vikohozi na vicheko, ubaki muziki mtupu, na alipoulizwa kama kanda yenyewe inahitajika tena, akasema haina kazi, ikatupwa. Jumapili tarehe 5 Mei alimvisha kaka yake hedifoni, naye akasikiliza wimbo wa kwanza amefumba macho, vidole vikicheza juu ya shuka, akasikiliza wa pili, halafu akazivua taratibu na kuuliza, "Nzuri sana, mwalimu, lakini watu wako wapi?" Mwalimu akajibu kwa fahari kwamba amewaondoa wote, na marehemu akampapasa mkono, akamshukuru, akaziweka hedifoni pembeni ya mto, wala hakuziomba tena. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi.

Juzi, mwalimu alipokuwa akimuuliza mjane tarehe za kuandika humu, ndipo shemeji yake alipomweleza kwamba kwenye onyesho lile la mwisho yeye mwalimu, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuja likizo, alikaa mstari wa nyuma kabisa, chini ya kitundu cha projekta, na katikati ya wimbo wa pili, spana ilipomponyoka fundi mnene ikatua kwenye ngoma, alicheka mpaka akaanguka kitini, kicheko kilichozifunika sauti za ukumbi mzima. Marehemu aliisubiri sehemu hiyo kila Jumamosi, na ilipofika alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Msikie mdogo wangu huyo," na mara nyingi, kwa maelezo ya shemeji, huo ndio wakati ufagio ulipokuwa unagonga ukuta. Mwalimu hakumbuki kucheka namna hiyo, na watoto wake wanasema hawajawahi kumsikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomvumilia mgonjwa mtani kupita kiasi, majirani mliopokezana zamu za kukesha naye, wafanyakazi wenzake wa sinema mliofika baada ya miaka mingi ya kupoteana, na wateja wake, ambao feni zenu zilizobaki chumba cha mbele zitamaliziwa na kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

Lala kwa utulivu, kaka. Mdogo wako anakuomba radhi mbele ya wote waliokuja, kwani ulichokuwa ukimwita aje kukisikiliza kilikuwa ni yeye mwenyewe, na amekifuta kwa mkono wake.