Mkasi wa Mama Pindo

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mtunza mavazi wa kikundi chetu cha maigizo, tunayemwita Mama Pindo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Niliombwa niandike kwa uchangamfu. Mimi ni fundi wa taa, na nimechoka karibu kama yeye, kwa hiyo mtanivumilia.

Alikuja kwetu kutoka hospitali, alikokuwa akishona mashuka. Hakujua kwamba kuna maigizo yasiyo na maneno, ambamo wanawake husimulia kwa migongo, magoti na pumzi yale ambayo nyumbani na ibadani hayatajwi: hamu, aibu, usiku wa harusi. Siku ya kwanza alitazama mazoezi, akauliza kama wale dada walikuwa wanaumwa. Siku ya pili aliwaletea suruali zenye sponji magotini. Tangu hapo hakuna goti lililochubuka asimkemee mwenye nalo.

Wengi mnamkumbuka kwa igizo la bibi harusi. Mama, shangazi na kiongozi wa dini wanamzungushia msichana kitambaa cha mita nane, kila mmoja na onyo lake, mpaka anabaki macho tu. Kisha msichana anavuta ncha moja, chote kinaanguka. Siri ilikuwa fundo la kitanzi, linalofunguka likivutwa, na kulifunga ilikuwa kazi ya Mama Pindo.

Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya onyesho la kwanza, aliwaalika wanawake anaosali nao. Walijaza safu mbili. Kwa wasiwasi wa kutaka wapendezwe, akafunga fundo la kweli. Msichana akavuta, wapi! Akagaagaa sakafuni, pumzi zikimwishia, watazamaji wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Hata mimi nilidhani hivyo, nikapunguza taa. Mama Pindo akapanda jukwaani na aproni yake, pini mdomoni, akakikata kitambaa kuanzia shingoni hadi miguuni.

Mwongozaji alipenda, akaamuru ibaki hivyo. Wale wanawake hawakupenda. Walimwona mwenzao akilikata vazi la harusi mbele ya yule kiongozi wa dini wa igizoni, na wiki iliyofuata wakalihama benchi lake ibadani. Tulimsihi awaeleze kuwa ilikuwa ajali. Akatujibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Mkono ulikosea kufunga, haukukosea kukata. Niende nikaombe radhi ya lipi?"

Basi akakata vitambaa maonyesho mia mbili na kumi na manne, na kila wiki akaenda kusali, akakaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Hakuacha huku wala kule. Sisi tuliopigiwa makofi kwa ujasiri tulimwachia upweke wote aubebe yeye. Hilo linaniuma, na nalisema hapa kwa kuwa kwenye hotuba halitasemwa.

Sasa vidole vimevimba na tundu la sindano halioni tena. Mama Pindo, asante kwa kila mshono, na utusamehe uzembe wetu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na watu. Wiki ijayo ukifika ibadani, usishtuke. Tutakuwa watano, tumevaa kwa heshima, na wawili kati yetu hawajui hata wakati wa kusimama. Utatuelekeza. Nafasi yako tumekuwekea katikati.