Mama Vinyago wa Gesti ya Nyuma ya Stendi

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, wakubwa shikamooni, historia hii inasomwa na mjomba kwa niaba ya binti wa marehemu, aliyeiandika mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo palipokimbia mtamwia radhi.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Vinyago, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, barabara ya pili nyuma ya stendi, mtoto pekee wa kike kati ya wanne, akamaliza sekondari mwaka 1979, akaajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja kubwa, hadi mwaka 1988 baba yake alipofariki na kumwachia nyumba, naye akaigeuza kuwa gesti ya vyumba sita.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na mchonga vinyago aliyefika kama mgeni wa siku mbili akakaa, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1999, kuta zikajaa vinyago, picha za kuchora na vikapu, na mama alikuwa na utaratibu wake, mapokezi hakuweka kitu, kila kazi ilikaa chumbani kwa mgeni, maana alisema sura utakayoishi nayo lazima kwanza uamke nayo, basi asubuhi mgeni alikuja ama kununua ama kuomba ahamishwe, na aliyelalamika kwamba kinyago kinamtazama aliambiwa naye akitazame, watazoeana.

Mwaka 2004 mumewe alifungasha kazi zake bora akaenda kuzionyesha nje ya nchi, hakurudi, wala hakufa, na mama hakumsema vibaya hata siku moja, ila tangu hapo kila kinyago kiliponunuliwa na ukuta wa chumba ukabaki mtupu, yeye alihamia chumba hicho, akalala humo mpaka apate kingine cha kutundika, akisema chumba kisijione kimeachwa, majirani wakamtania kwamba mwenye gesti hana chumba, naye akacheka nao, lakini binti aliyebeba mto nyuma yake alijua kilichoachwa hakikuwa chumba.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, ngazi zikamshinda, na Mei mwaka huu binti aliporudi nyumbani na kichanga bila mwenzake, mama alishusha kinyago chenye meno juu ya kitanda chao akatundika kikapu, na ombi lake likawa moja, gesti isifungwe, akalirudia mpaka sauti ikakatika, akafariki Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumgeuza kitandani, na wachongaji mliobeba jeneza mlilolitengeneza wenyewe.

Mjomba anayesoma hapa na ndugu zake wanaona ni heri pafungwe, wanamhurumia binti, na kweli anaogopa, vyumba sita na mtoto asiyejua hata kukaa, lakini hajafunga, ametandika mashuka safi vyumba vyote, na jioni hii turubai likishakunjwa na viti vikirudishwa, anayeweza kubaki alale, abaki, hata mmoja, si lazima anunue kitu, chai itakuwepo.

Mama, pumzika kwa amani, mlango wa mbele uko wazi.