Majira Thelathini na Moja ya Baridi: Kumuaga Aune Haapakangas

Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, siku ya kufunga shule, Bi. Aune Haapakangas, mpishi mkuu wa Shule ya Myllyranta hapa Oulu, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia jiko hilo kwa miaka karibu thelathini na saba. Mwandishi wa maneno haya ni Taisto Pelkola, mtunza majengo wa shule hiyo hiyo. Mwalimu mkuu aliponiomba niandike, nilimwambia atafute mtu mwenye kalamu, mimi ni mtu wa koleo. Akajibu, “Wewe ndiye unayemjua.” Basi nikachukua kalamu.

Aune aliingia jikoni Agosti 1988, ana miaka ishirini na saba, kazi yake kuosha masufuria. Miaka tisa baadaye alikuwa mpishi mkuu. Watoto mia nne na zaidi wamekula kwa mkono wake kila siku ya shule, mtoto wa daktari na mtoto wa asiye na kazi, meza moja, sahani moja. Kuna jambo ambalo hakulitangaza popote. Aligundua kwamba kuna watoto ambao Jumatatu hula kwa pupa, kwa sababu nyumbani mwishoni mwa wiki hapakuiva kitu. Tangu hapo Jumatatu sufuria la uji liliongezwa maji na nafaka, na wasaidizi wapya waliambiwa, “Leo usipime kwa upawa, mwanangu. Mtazame mtoto usoni ndipo upime.”

Novemba 2001 dhoruba ilikata umeme mtaa mzima. Mwalimu mkuu wa wakati huo alitaka kuwarudisha watoto nyumbani. Aune alimtazama kama mtu aliyetukanwa, akapiga simu kambi ya jeshi, akaazima jiko lao la kuni, na supu ya njegere ikapikwa uani huku theluji ikianguka ndani ya sufuria. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kwetu ni siku ya supu ya njegere, umeme uwepo usiwepo. Watoto walikula wakiwa wamechelewa dakika kumi tu. Mimi ndiye niliyekuwa nachochea kuni, na hadi leo ananilaumu kwamba niliifanya inuke moshi.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana najua wengi mnaisubiri.

Kutoka kwake hadi shuleni ni kilomita nane, kuvuka daraja la mto. Amezipiga kwa baiskeli tangu mwaka 1994, kiangazi na baridi, pamoja na zile asubuhi za nyuzi thelathini chini ya sifuri, wakati pua inaganda kwa ndani na mnyororo unalia. Amechakaza baiskeli nne. Wanafunzi wadogo walimpenda kwa sababu aliingia na kope nyeupe za barafu, wakashindana nani atamwona kabla hazijayeyuka. Manispaa ilimchagua mwaka 2013 kuwa mwendesha baiskeli bora wa majira ya baridi, wakaandaa jukwaa, maua na mpiga picha. Hakwenda. Alimtuma msaidizi wake, Jonna, akapokee, na yale maua akayaweka chooni kwa wafanyakazi. Tulicheka sana. Tukasema huyo ndiye Aune, hapendi sifa.

Lakini haikuwa hivyo, na mimi nilijua haikuwa hivyo, nikacheka pamoja na wengine. Aune ameniruhusu niandike sababu. Kwa kweli ameniagiza.

Januari 1994 Aune alikuwa na gari jekundu. Asubuhi moja ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri alitoka akakuta waya wa umeme unaopasha injini isigande umechomoka kwenye nguzo usiku. Gari limeganda, kioo kizima kimefunikwa na barafu, na uji wa watoto unamsubiri. Akakwangua tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, mbele ya macho yake tu, akaondoka. Asiniambie mtu wa Oulu kwamba hajawahi kufanya hivyo. Kila mmoja wetu amewahi kuendesha akichungulia kwenye kisahani, akijiambia kwamba kioo kitayeyuka njiani. Kwenye makutano karibu na daraja palikuwa na mtu anavuka kwa baiskeli. Hakumwona.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwaka wangu wa tatu hapa shuleni. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto ukavunjika mara mbili. Wanaonijua wanajua jinsi ninavyotembea, na kwa wapya huwa nasema ni mambo ya mpira wa magongo. Aune alinivulia koti lake, akakaa kwenye theluji akiwa na sweta peke yake mpaka gari la wagonjwa likaja. Mahakama ilimaliza yake. Nilipotoka hospitali alikuja na maandazi ya iliki, akasimama mlangoni, akasema, “Nisamehe, Taisto.” Nikasema, “Haya, ingia ndani, unaingiza baridi.” Tukanywa kahawa, tukazungumzia hali ya hewa. Gari aliliuza wiki hiyo hiyo.

Kutoka njia kuu ya baiskeli ya manispaa hadi mlango wa jiko ni mita mia nne kati ya miti ya mibetula. Hizo ni za shule, yaani zangu. Niliporudi kazini nilianza kusafisha hapo kabla ya mahali pengine pote, kabla ya maegesho ya walimu, kabla hata ya ngazi za mwalimu mkuu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri njia ilikuwa wazi na imemwagwa changarawe. Saa kumi na mbili kasoro Aune alipita. Alinyanyua glavu, nami nikanyanyua koleo. Hatukusema neno. Saa tatu kikombe cha kahawa kilikuwa kinaningoja dirishani mwa jiko. Tuliishi hivyo mwaka baada ya mwaka, na mimi nikaamini mambo yetu yamekwisha.

Februari mwaka huu, Alhamisi, sahani zimekwisha kuoshwa, Aune aliniita jikoni. Alikaa. Aune hakai jikoni, kwa hiyo nilishtuka.

“Taisto, nina ombi.”

“Sema.”

“Reino, kaka yangu wa Taivalkoski, macho yanafifia. Mke hana tena, yuko peke yake msituni. Basi linaishia njia panda, kutoka hapo ni kilomita kumi na moja. Nikistaafu nataka niwe namwendea.”

“Mwendee basi. Nani amekuzuia?”

Alikunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua, akakikunja tena. “Itabidi niendeshe gari. Leseni nimeihuisha miaka yote, ila sijagusa usukani. Nimekuja kukuomba ruhusa.”

“Ruhusa yangu mimi? Ya nini?”

“Wewe ndiye mwenye mguu.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaendelea, macho kwenye kitambaa, “Kila asubuhi ile njia imesafishwa. Mlango wa mwalimu mkuu bado umezibwa na theluji, yangu iko wazi. Nikaelewa. Nikasema, Taisto hataki nipate kisingizio cha kurudi kwenye gari hata siku moja. Na wewe umesimama pale unanitazama nipite. Ni haki yako. Sikulalamika. Ila sasa nina miaka sitini na nne, Taisto. Naomba iwe imetosha.”

Mungu wangu! Nikavuta kiti, nami nikakaa.

“Aune, nilikuwa nasafisha usije ukaanguka!”

Akaweka kitambaa mezani. Kisha akasema polepole, “Miaka thelathini na moja?”

“Thelathini na moja.”

“Sasa si ungesema, we mwanaume!”

“Na wewe si ungeuliza!”

Jonna alichungulia kutoka stoo, akatuona wazee wawili tunafuta machozi kwa kitambaa kimoja cha vyombo, akarudi stoo taratibu.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo naonekana mtu mwema. Lakini kama Aune ametaka ya kioo yaandikwe, na yangu yaandikwe. Majira yale ya kwanza hakukosea kunisoma. Nilikuwa na hasira. Nilisafisha njia ile nikiwa na maumivu kila hatua, nikasimama nimtazame akihangaika na upepo wa mtoni, na nilifurahi. Mwaka wa pili pia. Machi 1996, baada ya mvua kuganda, aliteleza karibu na daraja, akavunjika kifundo cha mkono, akafika akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, akakoroga uji kwa mkono huo huo. Nilimwona dirishani. Moyo wangu ukasema, basi, inatosha jamani. Tangu kesho yake nilisafisha kwa ajili yake. Ila koleo ni lile lile, njia ile ile, saa ile ile. Angejuaje kwamba moyo umebadilika? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya changu umemwangukia mwanamke huyu miaka ishirini na tisa. Sisi watu wa huku tunajisifu kwamba hatupotezi maneno. Nimejifunza uzeeni kwamba maneno mawili yasiyosemwa yanaweza kumtesa mtu kuliko mguu uliovunjika.

Alhamisi ile nilimwambia kwa mdomo wangu, kwa kigugumizi, yote. Nikamwambia nilimsamehe zamani, na kwamba kutokumwambia ni kosa langu, naye anisamehe. Akasema, “Haya.” Halafu akanimiminia kahawa. Halafu akasema, “Hapana, ‘haya’ haitoshi, tumeona. Nimekusamehe, Taisto.” Tukanywa.

Jioni ile mpwa wake alimkabidhi gari lake dogo ili ajizoeze. Nilijua, kwa sababu nilimsaidia kulileta hadi kwake na kuunganisha waya wa injini kwenye nguzo. Usiku baridi ikashuka hadi nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.

Asubuhi ya Ijumaa nilisafisha kama kawaida, ila sikujua namsafishia nani. Nilisimama kwenye miti nikisikiliza injini upande wa maegesho. Badala yake nikasikia matairi ya baiskeli yenye meno ya chuma yanatafuna barafu. Akatokea, kope nyeupe, mvuke unamtoka kama sauna. Safari hii alishuka.

“Gari limekataa kuwaka?” nikamuuliza.

“Limewaka vizuri kabisa. Nikakwangua kioo chote, mbele na nyuma, hata taa. Nikakaa ndani, nikaona sitaki.” Akavuta pumzi. “Taisto, unajua kulivyo darajani asubuhi? Mto unatoa moshi, nyota zote ziko juu yako, hakuna mtu. Mimi nimepita pale miaka yote nimeinamisha kichwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetazama.”

Aliisoma rasimu ya maandishi haya. Alifuta sentensi mbili zilizomsifu kupita kiasi, akaniambia ya kioo nisiyaguse, wala yangu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Myllyranta, na watoto ambao hawakujua kwa nini Jumatatu walishiba: asante, Aune. Msalimie Reino. Tunakuombea afya, miaka mingi, na barabara njema. Barabara ya Taivalkoski ni ndefu, nenda nayo kwa gari bila kumwomba mtu. Na siku za Oulu ukitamani kupita darajani alfajiri, pita, kwa sababu umependa. Zile mita mia nne zitakuwa wazi saa kumi na moja na nusu, na safari hii nimekwambia kwa nini.