Pumzi ya Tutu Kaohelani

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogezeni redio. Tutu Kaohelani Naehu, bibi yetu sote, amelala. Mganga wetu wa majani, hapa mashariki ya Molokai, amelala. Alitutoka alfajiri ya juzi, mwezi mpevu wa Mahealani ukiwa bado umening'inia juu ya bahari, mweupe kama chumvi.

Mlimjua. Mlisikia sauti yake kabla ya kumwona, akizungumza na mimea. Hakung'oa hata mzizi bila kuuomba ruhusa. Na mwezi ukiingia siku za Ole, hakupanda wala hakuchuma. "Leo mimea imelala," alisema, "na wewe kalale." Wapo waliomcheka. Mimi nasema, na anayebisha apige simu hapa studioni: waliomcheka ndio hao hao waliomjia na koo zimevimba, wakatafuna mzizi wa uhaloa huku machozi yanawatoka.

Mwezi haukosi njia, hata mawingu yazibe;
Jani huombwa kwa nia, mkono usiliibe.

Lakini alikuwa na sharti moja. Hakumpa mtu dawa ikiwa nyumbani kwake kuna ugomvi. Kwanza mkae, mseme, msameheane, mle pamoja mwani wa kala, mwani wa msamaha. Ndipo dawa.

Sharti hilo lilimkuta Nohea, binti yake, mwenye mikono ya kazi ile. Nohea alikuwa amenuniana na kaka yake, Kaleo. Kaleo aligeuza mfereji, maji yote yakaenda kwenye magimbi yake. Mara mtoto wa Nohea akaugua kifua.

"Mlete kaka yako kwanza," Tutu akasema.

"Mama! Mtoto anapumua kama kiatu chenye maji, wewe unaniambia habari za mfereji?"

"Mlete kaka yako."

Nohea akambeba mtoto, akapanda ndege kwenda Honolulu. Hospitali wakamtibu, akapona. Nohea hakurudi. Hakurudi, wasikilizaji, mpaka mtoto yule akaota ndevu.

Mwezi huu Tutu alipozidiwa, sote tulijua anasubiri nini. Kwetu mganga hafi na elimu yake. Humpulizia mrithi pumzi yake mdomoni. Na Tutu alimtaka Nohea tu. Wajukuu walijipanga kando ya kitanda, akawafukuza: "Tokeni, pumzi zenu za bia!" Mwezi ukazidi kukua, yeye akazidi kupungua.

Kaleo akameza kiburi, akapiga simu. "Dada, njoo. Mama ameushikilia mwezi kwa meno."

Nohea alifika mwezi ukichomoza. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Nimekuja kukuaga, Mama. Pumzi yako siitaki."

"Hata ukiitaka siwezi kukupa," Tutu akajibu. "Nyumbani kwangu kuna ugomvi. Mtoto alikuwa anakohoa, mimi nikashika sharti, sikumshika mtoto. Nisamehe, mwanangu."

Kaleo anasema dada yake alisimama pale mpaka mwanga wa mwezi ukafika kitandani. Kisha akaweka mkoba chini. Akachukua bakuli la mwani, akamlisha mama yake kidogo, naye akala. Akainama. Pumzi ikapita, nyepesi, kama upepo unaotafuta dirisha.

"Mama, kinywa chako kinanuka tunda la noni!"

"Na chako kitanuka hivyo hivyo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Jana Kaleo alimwendea dada yake na jipu mguuni. "Nipake noni, dada."

"Noni ipo. Nitakupaka sasa hivi. Halafu twende kwenye mfereji."

Akapakwa, wakaenda, kaka anachechemea na kunung'unika njia nzima.

Ukoo wa Naehu, poleni. Nohea, Kaleo, poleni sana. Nasi wengine, mwezi umeanza kumegeka. Kabla haujaisha, kila mtu amkumbuke aliyemnunia.

Leo asubuhi nilipita pale mferejini na kinasa sauti. Maji yanateremka pande zote mbili. Sasa mimi nanyamaza. Yasikilizeni.