Mkasi na Kipande cha Katikati

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliosimama juani kwa ajili yake: wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe alitaka hivyo. "Mume wangu atanisifu, watoto watalia," alisema. "Usome wewe, una roho mbaya kama yangu." Basi mvumilie.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani aliyeshona sare za wapakuzi wa bandarini. Familia ilikaa katika chumba kimoja juu ya duka la kamba na rangi za meli. Pumu ilimwanza kabla hajajua kutembea. Mama yake alikuwa akimkalisha dirishani, uso kwenye upepo wa bahari, mpaka kifua kifunguke, ndipo amlishe.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya jengo la forodha, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1976 bila sifa kubwa isipokuwa katika kazi za mikono. Akiwa darasa la tatu alichukua mkasi wa baba yake, akalitoboa madirisha boksi la kuku aliyekuwa akiatamia, kwa maelezo kwamba hata kuku anataka hewa. Kuku akatoka kutembea, mayai yakaharibika, naye akachapwa. Jina la Mkasi lilianzia hapo. Waliomfahamu ukubwani walidhani ni kwa sababu ya ulimi, na hawakukosea sana.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika ofisi ya wasanifu majengo. Kazi yake ilikuwa kukata kadibodi na kuunda mifano, yale majengo madogo yanayowekwa mezani ili mteja aone atakachojengewa. Miti aliitengeneza kwa sponji, watu kwa njiti za kiberiti. Kazi hiyo ina desturi yake: jengo la mteja huwekewa kila dirisha, lakini nyumba za jirani huachwa mabonge meupe matupu, jicho la mteja lisije likapotea. Siku moja Mkasi aliuliza hao wanaokaa ndani ya mabonge wanapumuaje. Msanifu kijana wa meza ya pili alicheka mpaka akamwaga wino. Huyo ndiye aliyemwoa.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1984. Bwana harusi, ambaye leo yuko mstari wa mbele na miwani yake ya jua, alisema mbele ya wakwe: "Sina uwezo wa kumjengea kasri, lakini upepo hataukosa." Ahadi ni deni, naye alianza kulilipa vizuri. Alimtafutia nyumba ya ghorofa moja nyuma ya maghala ya zamani, chumba cha juu kikitazama bahari moja kwa moja. Kila alasiri upepo ulipita juu ya mapaa ya maghala, ukaingia dirishani, ukafika mpaka jikoni. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mkasi hakulazwa kwa pumu hata mara moja. Walipata binti, kisha mtoto wa kiume. Walipendana, na mdogo wake hana sababu ya kulificha hilo.

Kisha maghala yakabomolewa. Mwaka 2007 ufukwe wote wa katikati ya mji ukapata mwenye mradi, na Msanifu, wakati huo akiwa na ofisi yake mwenyewe, akapewa kazi ya kuusanifu. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri, haki isemwe. Majengo mawili marefu, njia ya matembezi chini yake, na katikati uwazi mpana ulioelekea mtaa wao. Mkasi, ambaye sasa alikuwa fundi mifano wa ofisi hiyo, aliukata mfano wake huku akiimba. Wiki chache baadaye mumewe akaja na vipimo vya kipande kingine.

"Hiki kinakaa wapi?" Mkasi aliuliza.

"Katikati."

"Katikati ndipo penye dirisha langu."

"Mwenye mradi anataka nyumba zaidi, mke wangu. Nikikataa atampa mwingine, na huyo mwingine ataziba mpaka mlango."

Mkasi alikikata. Hakukosea hata ukingo, maana kazi yake aliipenda kuliko alivyojipenda. Lakini alipokibandika alitumia gundi kidogo sana, akamwambia mumewe: "Hicho kimeshikwa na mate tu. Moyo ukikusuta, kibandue."

(Binti yake ameomba aya zinazofuata zitolewe. "Mama mdogo, baba atazisikia mbele za watu," amesema. Ameambiwa karatasi zimeshachapwa.)

Siku ya kuuonyesha mfano, Mkasi aliubeba mwenyewe, kwa kuwa hakuamini mikono ya mtu mwingine. Mwenye mradi aliinama kuutazama, tumbo likaisukuma meza, kipande cha katikati kikaanguka. Yule bwana akakiokota, akautazama ule uwazi kwa muda, akasema, "Mbona hivi ndivyo panapendeza zaidi? Hata upepo unapita. Msanifu, hiki lazima kirudi?"

Mkasi alisimulia kwamba alimtazama mumewe usoni na akamwombea dua kimoyomoyo. Lilitakiwa neno moja tu, nalo lilikuwa limeshatafunwa na mtu mwingine. Yeye alimeze tu. Msanifu akasema, "Lazima, mheshimiwa. Kimebanduka kwa bahati mbaya." Akaomba gundi, akakipaka nyingi, akakibana kwa dole gumba mpaka kikashika.

Njiani kurudi alijitetea kwamba alidhani anapimwa. Wateja wakubwa, alisema, humjaribu msanifu waone kama ana msimamo. Kwa hiyo siku hiyo ndiyo aliyoichagua kuwa na msimamo.

Jengo lilikamilika mwaka 2011 na likapewa tuzo. Upande wa mbele ni vioo. Upande wa nyuma, ambao haumo katika picha, kuna mabomba ya vyoo na mashine za viyoyozi zinazopuliza joto kwenye dirisha la Mkasi. Pumu ikarudi. Mumewe alitaka wahame, akakataa. "Sikuufuata ukuta mimi. Ukuta ndio ulionifuata." Mwenye mradi aliwapa nyumba ghorofani humo humo, bahari yote mbele. Mkasi akasema hawezi kulala kwenye kiganja kilichomkaba.

Alichofanya ni kusogeza meza ya chakula dirishani na kumwekea mumewe kiti kinachotazama yale mabomba. "Kula, baba watoto, huku ukiangalia kazi yako." Kila kifua kilipombana alimwita: "Msanifu, hebu lisogeze jengo lako kidogo, nina joto." Na yule bwana, kila alipoitwa, aliinuka akaenda kusimama dirishani, mikono ikining'inia. Mambo hayo yaliendelea kwa miaka. Wapo watakaosema ulikuwa ukatili. Ulikuwa ukatili, na mdogo wake alikuwa akicheka.

Mkasi alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, hospitalini, katika chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Alimwambia, "Msanifu, lisogeze," na safari hii hakuwa anatania. Yule bwana akainuka, akaenda kulisukuma dirisha. Aliporudi kitandani ilikuwa imekwisha.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, na mkasi wa baba yake, ambao binti ndiye atakayebaki nao.

Kaburi hili Msanifu amelitafuta mwenyewe. Liko safu ya mbele kabisa ya mteremko, bahari iko wazi, na amehakikisha kwamba hakuna kitakachojengwa mbele yake. Jana alimwambia mdogo wa marehemu, "Shemeji, nimempatia mahali penye upepo." Akajibiwa mbele ya watoto, na jibu linarudiwa hapa ili kila mtu aende nalo nyumbani: "Umempa upepo, shemeji, baada ya yeye kuacha kupumua."

Yeye apumzike kwa amani. Wewe, shemeji, tukishamaliza hapa, rudi ukakae kwenye kiti chako.